Safu Ipi Itenge Makundi? Data za Udahili wa Berkeley za Mwaka 1973 katika Lugha ya R

Kugawa seti ya data katika makundi huchukuliwa mara nyingi kuwa hatua ya kiufundi tu. Katika lugha ya R, amri ya split hupokea data pamoja na safu ya kutenganishia, kisha hurejesha orodha ya vipande. Amri ya tapply hukokotoa jumla au wastani wa kila kipande. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba uteuzi wa safu hiyo ni uamuzi wa kifasiri, na kwamba historia ya data za Berkeley inaudhihirisha vyema.

R ina asili yake katika lugha ya S, iliyoanza kubuniwa na John Chambers na wenzake katika Bell Laboratories, Marekani, mwaka 1976. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliiunda R katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 likatolewa mwaka 2000. Miongoni mwa data zinazoambatana nayo ni jedwali liitwalo UCBAdmissions, lenye waombaji 4,526 wa shahada za uzamili na uzamivu katika idara sita kubwa za Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Jedwali hilo likigeuzwa kuwa fremu ya data, huwa na mistari 24. Kila mstari hubeba idadi ya watu, hivyo kinachojumlishwa katika kila kundi ni idadi hizo, wala si mistari.

Data hizo zikigawanywa kwa safu ya jinsia pekee, wanaume 1,198 kati ya 2,691 walidahiliwa, sawa na asilimia 44.5, wanawake walikuwa 557 kati ya 1,835, sawa na asilimia 30.4. Kwa mtazamo huo, tuhuma ya ubaguzi inaonekana kuthibitika. Hata hivyo, zikigawanywa kwa idara kwanza, kisha kwa jinsia, picha hubadilika. Katika idara A wanawake walidahiliwa kwa asilimia 82 na wanaume 62. Kwa jumla, kiwango cha wanawake kiliwazidi wanaume katika idara nne kati ya sita. Mgeuko wa aina hii hujulikana kama kitendawili cha Simpson, kutokana na makala ya Edward Simpson ya mwaka 1951.

Chanzo cha mgeuko huo kimo katika mtawanyiko wa waombaji. Idara A na B, zilizodahili zaidi ya asilimia 60 ya waombaji wao, zilivutia wanaume 1,385 lakini wanawake 133 tu. Idara F, iliyodahili takribani asilimia 6, iliombwa na wanawake 341.

Peter Bickel, Eugene Hammel na J. W. O'Connell, waliochambua udahili wa chuo kizima katika jarida la Science mwaka 1975, hawakuishia kuziondolea idara lawama. Walieleza kwamba malezi na elimu ya awali viliwaelekeza wanawake kwenye fani zenye msongamano mkubwa na ufadhili mdogo. Kwa hiyo, mgawanyo wa idara haukulifuta swali la usawa. Ulilihamisha kutoka meza ya udahili hadi kwenye njia iliyowafikisha waombaji mezani hapo. Njia hiyo haina safu katika jedwali, na amri ya split haiwezi kutenganisha kwa safu isiyokuwepo.

Inabainika, basi, kwamba mtafiti anayegawa data anawajibika kueleza sababu ya kuteua safu yake, kuonyesha matokeo kabla na baada ya mgawanyo, na kutaja ukubwa wa kila kundi. Asilimia 68 ya wanawake waliodahiliwa katika idara B, kwa mfano, inatokana na waombaji 25 tu. Zaidi ya hayo, anapaswa kuuliza ni nani aliyeamua safu zipi ziandikwe tangu mwanzo.