Jaribio la nasibu (mipaka yake katika tiba)

Jaribio la nasibu ni utafiti ambamo wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa dawa, jingine kidonge kisicho na dawa au tiba ya kawaida. Ni njia madhubuti ya kujua kama dawa inafaa, lakini jibu lake hufungamana na wagonjwa waliochunguzwa na wakati wao.

Mfano mzuri umetoka chuo cha tiba cha Muhimbili, Upanga, Dar es Salaam. Kati ya 1995 na 1997, watafiti wa hapo na wa Chuo Kikuu cha Harvard waliandikisha wajawazito 1,078 wenye VVU, wote wakiwa na mimba ya wiki 12 hadi 27. Vitamini B, C na E kwa dozi kubwa zilipunguza vifo vya watoto tumboni. Matokeo ya 2004 yalionyesha kuwa asilimia 24.7 ya waliozimeza walifariki au kufikia hatua ya nne ya ugonjwa, dhidi ya 31.1 ya wasiozipata.

Wanawake hao wengi hawakuwa na dawa za kufubaza virusi. Zilipoenea, ilibidi swali liulizwe upya. Jaribio jingine jijini, la wagonjwa 3,418 walioanza dawa hizo, lilisitishwa kabla ya wakati wake, Machi 2009: dozi kubwa ya vitamini ilipandisha kimeng'enya cha ini, ALT, na haikupunguza vifo kuliko dozi ya kawaida.

Tena, asilimia ni za kundi. Hazimwambii daktari ni mama yupi kati ya waliopanga foleni kliniki atakayenufaika.