Kizimba Kilivyofika Mlimani

Serikali ya kikoloni iliporuhusu wakulima wa Meru na Embu, kando ya Mlima Kenya, kupanda kahawa, miaka ya 1930, kuku hakupewa uzito kama huo. Alikuwa mali ya mama wa boma. Alilala jikoni, asubuhi akachakura chini ya migomba, jua likipanda akajifukia kwenye jivu kuondoa chawa. Adui yake alikuwa kideri, ambacho kikipita huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima.

Mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, Kenya ilianzisha mpango wa kuendeleza ufugaji wa kuku: mkulima anatoa jogoo wa kienyeji, anapewa wa mbegu bora. Msukumo mwingine ulitoka kwenye kahawa. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ulivunjika, bei ikaporomoka, na watu wa mlimani wakageukia maziwa na mayai. Kuku wa kisasa hutaga karibu mayai 300 kwa mwaka. Wakati huo alifungiwa bandani, ila juu ya maranda aliweza kutembea.

Mashamba nayo yakazidi kugawanywa kwa wana na wajukuu. Mwenye robo eka hana pa kupanulia banda, na hapo ndipo vizimba vya waya vya ghorofa hupata wateja. Sakafu yake imeinamishwa kidogo, yai libingirike hadi mbele likiwa safi. Kinyesi hupenya chini, kuhara damu kukapungua. Faida hizo ni za kweli, na simlaumu anayezitafuta. Ila kuku mwenyewe hawezi kukunjua mabawa, kuchakura wala kujificha atage. Mifupa isiyofanya kazi hudhoofika, huku madini yake yakiendelea kwenda kwenye maganda. Hayo ni mateso, hata kama hapigi kelele.

Uingereza, mwandishi Ruth Harrison aliyaandika hayo mwaka 1964. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria 1999, na tangu Januari 2012 vizimba vitupu, visivyo na kiota wala kijiti cha kulalia, ni marufuku huko. Kenya nayo ina sheria ya 1962 ya kuzuia ukatili kwa wanyama.

Banda la maranda, lenye vijiti vya kulalia na viota vyenye giza, wafugaji wa Embu na Meru wanalijua tayari. Linataka nafasi zaidi na chanjo zisizokosa tarehe, na gharama hiyo lazima irudi kwenye bei. Lakini trei ya mayai 30 ikifika soko la Gakoromone mjini Meru, kwa kawaida haina alama ya kumwambia mnunuzi kuku alikaa wapi.