Simba Wanyika

Simba Wanyika ilikuwa bendi ya muziki wa dansi iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 1971 na ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Ilidumu hadi mwaka 1995. Pamoja na bendi zilizochipuka kutokana nayo, hasa Les Wanyika na Super Wanyika Stars, inahesabiwa kuwa ukoo mmoja wa muziki, na ukoo huo umeacha baadhi ya nyimbo bora kabisa za rumba ya Kiswahili. Nyimbo zake za mwanzo zilikuwa za vijana waliotaka ukumbi uinuke. Za baadaye zimetulia zaidi kwa mlio na ni nzito zaidi kwa maneno, na ndizo zilizoishi muda mrefu kuliko waliozitunga.

Chimbuko: Tanga

Katika miaka ya 1950 na 1960 Tanga ulikuwa mji wa bandari, reli na mkonge. Zao hilo lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kwa miche michache iliyopona safari ya kutoka Florida, likaenea hadi Tanganyika ikaongoza duniani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Mashamba yalifuata reli kuelekea bara, kupitia Pongwe, Ngomeni, Muheza hadi Korogwe, na yaliajiri manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Unyamwezi, Umakonde, Burundi na kwingineko. Watu hao walikuwa na mshahara, walikuwa na Jumamosi, na walikuwa mbali na ngoma za kwao. Muziki wa dansi wa Tanga ulipata hadhira yake ya kwanza kwao na kwa makarani na makuli wa mjini.

Jamhuri Jazz Band, ambamo ndugu Kinyonga waliingia mwaka 1966, ilitokana na kundi la awali lililoitwa Young Nyamwezi, jina linaloonyesha wazi lilikotoka. Mshindani wake mkubwa alikuwa Atomic Jazz Band yenye mtindo wa Kiweke. Ushindani wa bendi hizi mbili uligawa mji kama timu za mpira zinavyougawa, na ulizalisha wapiga gitaa hodari kwa idadi isiyolingana na ukubwa wa mji wenyewe. Upande wa taarabu, vikundi vya Black Star Musical Club na baadaye Lucky Star walikuwa wakifanya mapinduzi yao. Walipunguza fidla za mtindo wa Unguja, wakaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, wakafupisha nyimbo, na sauti ya mwimbaji Shakila ikavuma pwani nzima. Mji ulizoea kusikia gitaa likiimba pamoja na mtu, hata kwenye taarabu. Sifa hiyo ndiyo iliyokuja kuwa alama ya Wanyika.

Kutoka Kongo ilikuja athari ya Dr Nico, aliyekuwa mpigaji gitaa wa kuigwa na kila kijana wa Afrika Mashariki wakati huo. Wilson Kinyonga alikuwa mwanafunzi mwaminifu wa mlio wake mwororo.

Kuhamia Arusha, kisha Kenya

Mwaka 1970 ndugu hao waliondoka Tanga kwenda Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William Kinyonga. Mwaka uliofuata walivuka mpaka. Walianzia Mombasa, wakahamia Nairobi baadaye.

Sababu za wanamuziki wa Tanzania kwenda Kenya zinajulikana vizuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapigwa hewani, na mtunzi hakuwa na santuri ya kuuza. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya mashirika, jumuiya au majeshi, yaliyomiliki vyombo na kulipa wapigaji mishahara. Mpango huo ulizilinda bendi na njaa na ulitoa muziki mzuri sana, lakini haukumfaa mtu aliyetaka bendi iwe yake mwenyewe. Nairobi kulikuwa na kampuni za santuri, kiwanda, maduka ya jumla na baa zilizolipa kwa usiku. Wakati huohuo bei ya mkonge ilikuwa ikiporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni na plastiki, na kila biashara ya Tanga iliguswa.

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro naye alikwenda Nairobi kurekodi, na alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1979. Tofauti ya ndugu Kinyonga ni kwamba walihamia moja kwa moja.

Muziki

Muundo wa muziki wa Simba Wanyika ni rahisi kueleza na mgumu kuiga. Gitaa la solo la Wilson huongoza, gitaa la rithimu hujibu, besi hutembea kati yao kwa hatua za wimbo badala ya kugonga tu, na dramu hubaki nyuma, nyepesi na thabiti. Saksafoni huingia waimbaji wanaponyamaza. Nyimbo zilitolewa kwenye santuri ndogo zenye sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Kwa kawaida maneno huanza upande wa kwanza, na chemko, yaani sehemu ya kucheza, huchukua nafasi kubwa ya upande wa pili.

Mchango mkubwa uliletwa na Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, ambaye alijiunga katikati ya miaka ya 1970 kama mpigaji wa rithimu. Katika bendi nyingi za dansi rithimu ni kazi ya kibarua: hushika chodi ili solo ipate pa kukaa. Shabani aliipa sauti yake yenyewe. Alipiga vipande vifupi vinavyojirudia, vyenye wimbo ndani yake, na kwa sababu hiyo msikilizaji husikia magitaa mawili yakizungumza. Tom Malanga kwenye besi aliwaelewa Wilson na Shabani. Santuri kubwa ya Jiburudisheni na Simba Wanyika ni ya kipindi hiki cha uchangamfu, na wimbo wa Mwongele umebaki kipenzi cha wengi.

Bendi ililazimika pia kukutana na mji mpya. Nairobi ilipenda benga, yenye mwendo wa kasi na besi ya mbele, na wachezaji wake hawakuwa na subira ya rumba ndefu ya Kongo. Simba Wanyika haikupiga benga, ila mapigo yake yalikaza kidogo, utangulizi ukafupika, na gitaa likasafishwa lisiwe na mwangwi mwingi. Kiswahili chake kilibaki cha pwani. Wasikilizaji wa bara waliokulia na Kikuyu, Kijaluo au Kikamba walikipokea bila shida, na hilo liliipa bendi soko la nchi nzima ambalo bendi za lugha za makabila hazikulipata kwa urahisi.

Mgawanyiko wa 1978

Novemba 1978 Omar Shabani, Tom Malanga, mpiga dramu Rashid Juma na mpuliza saksafoni Phoney Mkwanyule waliondoka Simba Wanyika. Kwa ndugu Kinyonga hilo lilikuwa pigo kubwa: nguzo za mlio wao zilikuwa zimeng'oka kwa pamoja. Walioondoka waliunda Les Wanyika, wakafanya mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha wakaanza kupiga katika ukumbi wa Garden Square, Nairobi. John Ngereza, Mtanzania aliyekuwa tayari akipiga muziki Kenya, alijiunga nao kama mwimbaji na mpigaji wa solo, akawa uso wa bendi.

Wimbo uliowatangaza ni Sina Makosa, na hapa ndipo kukomaa kwa muziki wa Wanyika kunasikika kuliko mahali pengine popote. Msimulizi anamwambia mwenzake kwamba anachukiwa bila kosa, na kwamba kila mmoja wao ana mwenzi wake nyumbani. Wimbo hauamui ni nani mkweli. Msikilizaji anaachiwa shaka, naye huicheza. Upigaji wake ni wa kujizuia: rithimu ya Shabani inarudia kipande kilekile kama mtu anayerudia utetezi wake, besi inashuka pole pole, na hakuna chombo kinachogombea nafasi. Bendi ya miaka ya mwanzo ya sabini ingeujaza wimbo huo vibwagizo. Les Wanyika waliuacha utupu ufanye kazi.

Katika miaka hiyohiyo bendi za punk za London zilizoanza kwa gitaa la fujo na nyimbo za dakika mbili zilikuwa zikitafuta njia ya kukua. The Clash, katika santuri ya London Calling ya mwaka 1979, waliifuata reggae, ska na jazi na kutanua muziki wao. Wanyika walikwenda upande wa pili: walikua kwa kupunguza. Njia hii ya pili ni ngumu zaidi, kwa kuwa mpigaji hana pa kujificha.

Majina ya nyimbo za Les Wanyika zilizofuata yanatosha kuonyesha uzito wa mada zao: Ufukara si Kilema, Safari Siyo Kifo, Dunia Kigeugeu. Pamela, Paulina na Kajituliza Kasuku ziliendeleza upande wa mapenzi.

Mpaka uliofungwa

Giza lililoingia katika nyimbo za Wanyika lina sababu za nje pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba wanamuziki waliozaliwa Tanga, mji ulio umbali wa safari ya siku moja tu kutoka Mombasa, walikuwa wageni waliotengwa na kwao. Santuri zao hazikuvuka kihalali. Mawimbi ya redio yalivuka, na watu wa pwani ya kaskazini walizisikia nyimbo hizo kupitia redio ya Sauti ya Kenya.

Hata ndani ya Kenya nafasi yao haikuwa salama. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliamriwa kupiga muziki wa Kenya kwa asilimia 75, amri iliyoondolewa baada ya muda mfupi. Bendi za Watanzania na Wakongo walioishi Nairobi zilikuwa katikati ya hoja hiyo: muziki ulichapwa Kenya, ulinunuliwa na Wakenya, na wapigaji wake walihitaji kibali cha kazi. Nyimbo kama Safari Siyo Kifo zinasikika tofauti kwa anayeijua hali hii.

Super Wanyika Stars

Issa Juma, mwimbaji wa Kitanzania mwenye sauti nzito isiyosahaulika, aliunda Super Wanyika Stars mwaka 1981. Muziki wake ulikuwa na kasi na ukali zaidi. Sigalame ndio wimbo wake mashuhuri.

Simba Wanyika baada ya mgawanyiko

Ndugu Kinyonga hawakuvunjika. Walitafuta wapigaji wapya, wakaendelea kurekodi kwa Polydor, na katikati ya miaka ya 1980 wakatoa santuri ya Haleluya. Ni makosa kukiona kipindi hiki kama mkia wa historia yao, kama wapenzi wengi wa Les Wanyika wanavyofanya. Wilson alikuwa na uzoefu wa miaka ishirini mikononi, na solo yake ilikuwa imeacha haraka ya ujana. Shilingi ni wimbo wa shida ya fedha. Dunia Haina Wema na Sikujua Utabadilika ni za mtu aliyesalitiwa. Magitaa yanabaki matamu juu ya maneno machungu, na mgongano huo ndio uzuri wake: mchezaji anazunguka sakafuni na mpenzi wake huku mwimbaji akilalamika kuachwa.

Pepea

Mwaka 1992 kampuni ya Kameleon ya Uholanzi ilitoa Pepea, albamu ya Simba Wanyika iliyowafikia zaidi wasikilizaji wa nje ya Afrika. Sehemu kubwa yake ni nyimbo za zamani zilizorekodiwa upya. Vyombo vinasikika kwa usafi ambao studio za Nairobi za miaka ya sabini hazikuweza kuutoa. Sauti za ndugu hao zimekuwa za watu wazima, na maneno yaliyoimbwa kwa utani na vijana yanapata uzito mwingine. Anayetaka kuijua bendi aanze na santuri ndogo za Polydor. Anayetaka kujua imefika wapi asikilize Pepea.

Mwaka huohuo George Kinyonga alifariki. Wilson aliendelea hadi alipofariki mwaka 1995, na bendi ikafa naye.

Baada ya 1995

Les Wanyika iliendelea kwa muda, ikatoa Amigo mwaka 1998. Nyimbo za ukoo huu zimekusanywa nje ya Afrika Mashariki mara kadhaa: Les Wanyika wamo katika Kenya Dance Mania iliyotolewa London mwaka 1991, na kampuni ya Sterns ilitoa mkusanyiko wa Issa Juma uitwao World Defeats the Grandfathers mwaka 2010. Redio za Kenya na Tanzania huzipiga katika vipindi vya zilipendwa, na Sina Makosa hupigwa na bendi za hotelini na za harusini kutoka Lamu hadi Dar es Salaam.

Tanga yenyewe imebadilika. Mkonge umepungua, na Pongwe sasa inajulikana zaidi kwa kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1980. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz hazipo tena katika kumbi za mji, na rekodi zao zinazopatikana zaidi ni zile zilizohifadhiwa katika kanda za Radio Tanzania na santuri zilizochapwa Nairobi.