Mali bila daftari: uhasibu ulivyoingia Mwanza

Wadau, siku hizi imekuwa kawaida vyuo vikuu kuwakutanisha wanafunzi wa biashara na watu wa makampuni ya ukaguzi wa hesabu. Ujumbe unajulikana: maliza shahada, pambana na mitihani ya CPA, ukibahatika utaingia Deloitte, EY, KPMG au PwC. Suti, kiyoyozi, safari. Sina ugomvi na hilo, kijana lazima ale. Ila ukisikiliza sana unaweza kudhani kazi ya uhasibu ilishuka na ndege pale Dar es Salaam ikiwa tayari imevaa tai. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa historia yake ni nyingine kabisa. Ilianzia porini, kwenye mizani ya pamba.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Usukuma ililima pamba kwelikweli. Wakati huo ununuzi na viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao Waasia. Mkulima alifika kituoni na mzigo wake, mnunuzi akapima, mnunuzi akasoma mizani, mnunuzi akaandika, mnunuzi akalipa. Mkulima kazi yake ilikuwa kupokea. Malalamiko ya kupunjwa yakazagaa kila kona. Wakulima walifanya nini? Waliweka watu wao wa kupima pamba pale vituoni, ili uzito usomwe na jicho la pili. Kwa maoni yangu hao ndio wakaguzi wa hesabu wa kwanza wa kanda hii, ingawa hakuna aliyewapa cheti.

Nyuma ya harakati hizo alikuwepo kijana mmoja, Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925. Aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya almasi ya Williamson kule Mwadui, kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Bomani akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lile ambalo wazee wanaliita VFCU. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 shirikisho hilo lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba ya kanda nzima na lilikuwa linamiliki viwanda vyake.

Ushindi mkubwa. Lakini ushindi nao una gharama zake. Ukimwondoa mnunuzi wa zamani, daftari lake analiandika nani? Kila chama cha msingi kilihitaji katibu anayejua kuandika stakabadhi, kufunga hesabu za msimu na kueleza kila senti imekwenda wapi. Watu hao walikuwa wachache mno.

Ndipo inapoingia Nyegezi. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika la White Fathers, alianzisha pale kituo cha mafunzo ya jamii, kando ya ziwa. Baadaye kikawa chuo kilichotoa wahasibu, maofisa ugavi na, ndiyo, waandishi wa habari. Kwa hiyo mwandishi na mhasibu katika mji huu wamekula ugali wa jiko moja! Mwaka 1998 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT.

Hata hivyo wasomi walichelewa kulinganisha na kasi ya fedha. Mwaka 1966 serikali iliunda tume kuchunguza ushirika nchini, na miongoni mwa yaliyobainika ni uongozi mbovu na uhaba wa watumishi wenye ujuzi. VFCU ikavunjwa, ikazaliwa Nyanza. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, mashirika ya umma yakaongezeka, na mwaka 1968 likaanzishwa shirika la serikali la kuyakagua. Mwaka 1972 ikatungwa sheria ya kuanzisha bodi ya wahasibu na wakaguzi, NBAA, na mwaka huohuo sheria ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Taaluma ikawa na mitihani na mlango rasmi. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa. Yaani wahasibu walipoanza kupatikana, mwenye mali aliyewahitaji kwanza akawa ameondolewa. Vyama hivyo vilirudi miaka ya 1980 vikiwa dhaifu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nadhani hilo ndilo somo ambalo mwanafunzi wa biashara hapa Mwanza halipati anapoonyeshwa njia ya kwenda kwenye makampuni manne. Anaambiwa uhasibu ni ngazi ya kupanda. Ni sawa, lakini kwanza ni kazi ya kumlinda mtu ambaye hana namna ya kukagua mwenyewe. Tangu mwaka 1982 kuna sheria iliyounda shirika la kukagua vyama vya ushirika, COASCO. Ni wanafunzi wangapi wanaota kufanya kazi huko? Ni wangapi wanajua kwamba chama cha msingi cha pamba kinahitaji mtunza vitabu mwaminifu kama kampuni yoyote ya mjini?

Simwambii mtu aache kutafuta maisha. Ninachosema ni kwamba vyuo vyetu vikiwaalika watu wa KPMG, vimwalike na katibu wa chama cha msingi kutoka Kwimba au Magu. Aje na daftari lake. Aeleze msimu unavyofungwa, na kinachotokea kijijini hesabu zikikataa.

Mnaosoma biashara mnasemaje? Mngemsikiliza, au mngekuwa mnasubiri zamu ya wenye suti?