Vidole Vitano

Tarehe 5 Novemba 2023, ligi ikiwa bado changa, Yanga waliwafunga watani wao Simba 5-1 jijini Dar es Salaam. Siku mbili baadaye Simba wakaachana na kocha wao, Roberto Oliveira. Huku Katesh na Haydom salamu zikageuka: mtu anakunyooshea vidole vitano, anapita kimya. Wana-Simba wakajitetea kwa 6-0 ya Julai 1977. Utetezi halali, nadhani, ingawa wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Wazee wa Yanga wakajibu kwa 5-0 ya 1968, Simba wakiitwa Sunderland. Tarehe 3 Desemba tope likashuka kutoka Mlima Hanang, likaifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Kwa majuma kadhaa sikuona vidole vikinyooshwa.