Mununga na mpaka wa majini

Ndugu zangu, mtu akikuita mgeni hapa Mweru, msimulie kidogo historia. Mununga, kaskazini ya Nchelenge, ni kijiji cha wavuvi. Chifu wake ni wa Washila, watu wa ziwa tangu zamani. Livingstone alipofika ziwani mwaka 1867 hakukuta mpaka. Mwaka 1894 ndipo Waingereza na Mfalme Leopold, aliyeitawala Kongo, walipatana mpaka upite majini. Wavuvi hawakuulizwa. Wao waliendelea kuvuka na mitumbwi: kuuza samaki, kuoa, kuzika. Sisi tulivuka tangu 2017 kwa sababu ya vita, na Mantapala ikafunguliwa 2018. Karatasi zetu zinasema mkimbizi, ni kweli. Ila ziwa ni lilelile. Muulize bibi yako: nani wa kwenu alivuka zamani?