Gogo la Nahodha



Mwenye gari hapa Kenya huitunza sana hati yake ya umiliki, ile tuiitayo logbuku. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba jina hilo lilitoka baharini, na kwamba "log" kwa Kiingereza ni gogo tu la mti?

Zamani za merikebu za matanga, mabaharia wa Kiingereza walipima mwendo wao kwa kipande cha ubao kilichofungwa kamba ndefu. Jambo hilo lilikwisha kuandikwa katika kitabu cha William Bourne mwaka 1574. Baadaye ikawa desturi kuutia ubao risasi upande mmoja, upate kusimama wima majini, na kuipiga kamba mafundo kila baada ya futi 47 na inchi 3. Baharia mmoja aliutupa ubao nyuma ya merikebu, mwenzake akageuza chupa ya mchanga ya sekunde 28, wakahesabu mafundo yaliyopita. Yakipita mafundo matano, merikebu inakwenda maili tano za baharini kwa saa. Ndiyo sababu Waingereza hata leo hutaja mwendo wa meli kwa mafundo.

Hesabu hiyo iliandikwa katika kitabu, pamoja na habari za upepo na njia. Kikaitwa kitabu cha gogo. Kisha jina likahamia kwenye madaftari ya ndege na ya magari, na hata kwenye kompyuta, ambako mtu huambiwa "log in" kabla ya kuanza kazi.

Lakini gogo lilikuwa na upungufu mmoja. Lilipima mwendo wa merikebu juu ya maji tu. Mkondo ulipoyachukua maji, ulichukua merikebu na gogo pamoja, wala kamba haikuonyesha kitu. Kwa hiyo nahodha mwenye hekima alitazama jua mchana na nyota usiku, kwa maana hizo hazichukuliwi na mkondo.

Usiku wa Oktoba 22, 1707, kwa kalenda ya Waingereza wa wakati ule, Amiri Cloudesley Shovell alikuwa akirudi nyumbani na merikebu zake za vita. Vitabu viliandikwa kila siku. Hata hivyo merikebu nne ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, kusini-magharibi ya Uingereza, na watu zaidi ya elfu moja wakafa, Amiri naye akiwa miongoni mwao. Vitabu vya merikebu zilizookoka vilipochunguzwa katika karne ya 20, vilionekana kutofautiana sana juu ya mahali walipokuwa.

Ndugu zangu, Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya watu wajipimao wao kwa wao. Mimi nikijilinganisha na jirani yangu, na sote wawili tunachukuliwa na mkondo mmoja, nitaandika kila jioni kwamba safari ni njema. Mfanyakazi asema, "Kila mtu ofisini huchukua kidogo." Kijana asema, "Wenzangu wote hufanya hivyo." Hilo ni gogo tu. Miamba haisomi vitabu vyetu.

Basi usiku huu, kabla ya kulala, inua macho yako juu ya maji. Mungu hachukuliwi na mkondo.

Bwana awabariki. Amina.